Kanisa linapojibu tuhuma za unyanyasaji wa kingono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini kuchambua maneno? Kosa si lile tendo lenyewe?

Tendo ndilo kosa, hilo halina ubishi. Ila washirika wengi hawalijui tendo. Wanachokijua ni kile walichosomewa madhabahuni Jumapili asubuhi. Kwa sentensi tano au sita, mwenyekiti wa wazee anaamua kanisa zima litaliitaje jambo lile, litamwombea nani na litamnunia nani. Polisi au waandishi wa habari wakija baadaye, wanakuta watu wameshachukua upande. Na aliyeumizwa, kama yumo ibadani siku hiyo, kabla ya sala ya kufunga ameshajua kama ana nafasi pale au hana.

Ukisoma taarifa nyingi za namna hii, za makanisa ya kiinjili ya nchi na madhehebu tofauti, utaona zinafanana mno. Swali moja linatosha kuzipima zote: katika sentensi hii, aliyetendewa yuko wapi?

Makanisa ya kiinjili ni yapi hapa?

Wabaptisti, Wapentekoste, makanisa makubwa yasiyo na dhehebu, na Waanglikana wa mrengo wa kiinjili. Kwa kifupi, makanisa yanayoishika Biblia kama neno la mwisho, yanayosisitiza mtu aokoke, na yanayoona kazi yao kuu ni kuhubiri injili. Hakuna ubaya katika hayo matatu. Lakini ndiyo yanayotoa malighafi ya utetezi: Biblia inatoa mistari, wokovu unatoa hoja ya toba na msamaha, na uinjilisti unatoa hoja kwamba kashfa itawazuia watu wasimjie Yesu.

Taarifa ya kawaida ikoje?

Hii tumeitunga wenyewe, kwa kuunganisha misemo inayojirudia:

"Wapendwa katika Bwana, kwa moyo mzito tunawajulisha kwamba miaka ya nyuma kulitokea jambo lisilofaa lililomhusu mtumishi wetu na binti mmoja. Mtumishi alikiri, akatubu, akapitia kipindi cha kurejeshwa chini ya wazee. Tunawaomba mumwombee yeye na familia yake katika kipindi hiki kigumu. Tusimpe adui nafasi. Tujiepushe na masengenyo."

Soma tena polepole. "Kulitokea": hakuna aliyetenda. "Jambo lisilofaa": linaweza kuwa busu, linaweza kuwa ubakaji wa mtoto, na msikilizaji mwenye upendo atachagua lile dogo. "Lililomhusu mtumishi na binti": wawili wamewekwa kwenye mizani moja, kana kwamba walikubaliana. Umri haukutajwa. "Miaka ya nyuma" inasema yamepita, ingawa kwa aliyetendewa huenda hayajapita hata siku moja. Mtumishi ana vitenzi vitatu vizuri, alikiri, akatubu, akapitia; binti hana kitenzi hata kimoja. Kipindi kigumu ni cha familia ya mtumishi, kana kwamba binti hana kwao. Na mwisho, kwa neno "masengenyo", kuuliza kumegeuzwa kuwa dhambi.

Anayeandika hivi si lazima awe mwovu. Mara nyingi ni mzee wa kanisa aliyekesha, anampenda mchungaji wake, na mwanasheria amemwambia aandike machache. Maneno yanafanya kazi yake vilevile.

Mfano halisi upo?

Upo, na ni wa karibuni. Juni 2024, Robert Morris, mwanzilishi wa Gateway Church ya Texas, moja ya makanisa makubwa kabisa Marekani, alikiri kwa maandishi kwamba alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alihusika na mwenendo wa kingono usiofaa. Aliyetendewa alimtaja kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa kuwa ni mwanadada. Wazee wakaongeza kwamba mchungaji alikuwa muwazi siku zote kuhusu anguko lake la kimaadili la zaidi ya miaka 35 iliyopita.

Kilichoachwa nje ni umri. Unyanyasaji ulianza Desemba 1982, na yule "mwanadada" alikuwa mtoto wa miaka 12. Yeye mwenyewe, sasa mtu mzima, ndiye aliyelisema hadharani. Siku chache baadaye Morris alijiuzulu, na wazee wakaeleza kwamba miaka yote walidhani ni uhusiano wa nje ya ndoa, si unyanyasaji wa mtoto. Hapo ndipo pa kutafakari: maneno laini yaliwafunga macho hata waliokuwa na wajibu wa kuuliza. Oktoba 2025 Morris alikiri makosa 5 mahakamani huko Oklahoma, akahukumiwa miaka 10, atumikie miezi 6 jela na iliyobaki isimamishwe.

Lakini kama ametubu, sisi ni nani tusimsamehe?

Swali hili huulizwa kwa moyo mweupe, kwa hiyo lijibiwe kwa uzito.

Januari 2018, kwenye kanisa la Highpoint mjini Memphis, mchungaji Andy Savage alisimama akawaambia washirika kwamba miaka 20 nyuma kulikuwa na "tukio la kingono" kati yake na mwanafunzi wa sekondari. Wakati huo yeye alikuwa mchungaji wa vijana, msichana alikuwa na miaka 17. Alipomaliza kuomba radhi, kanisa lilisimama na kumpigia makofi. Video ilisambaa, aliyetendewa akaiona. Kwa waliokuwa ukumbini, makofi yale yalikuwa neema. Kwa yule mwanamke yalikuwa kura, na kura ilikuwa imempita. Savage alijiuzulu Machi mwaka huohuo.

Hapa mambo matatu yanachanganywa: msamaha wa Mungu, msamaha wa aliyeumizwa, na kurudishwa kwenye cheo. La kwanza si la kanisa kuligawa. La pili ni la aliyeumizwa peke yake. Kusanyiko haliwezi kusamehe deni lisilo lake. La tatu halitokani na yale mawili. Mweka hazina aliyekula sadaka akitubu atapokelewa mezani pa Bwana, lakini hakuna anayemrudishia funguo za sanduku. Kwa nini funguo za idara ya vijana zirudishwe haraka zaidi ya zile za sadaka? Zakayo naye hakuishia kusema samahani: aliahidi kuwarudishia waliodhulumiwa mara nne.

Kuna jambo jingine ambalo Rachael Denhollander alililalamikia. Huyu ni mwanasheria Mkristo, wa kwanza kumtuhumu hadharani Larry Nassar, daktari wa timu ya mazoezi ya viungo ya Marekani. Januari 2018 alisimama mahakamani Michigan, akasema anamsamehe, na papo hapo akadai adhabu kamili. Baadaye akaona kwamba wasemaji na magazeti ya Kikristo wanaushika msamaha na kuiacha ile haki aliyoidai katika hotuba ileile. Tena alisema kwamba kanisa ni miongoni mwa mahali pasipo salama kabisa kwa mtu kusema amenyanyaswa.

Biblia si inasema tusiwaguse masihi wa Bwana?

Inasema, Zaburi 105:15. Ila fungua uone ni nani hao. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaoonywa wasiwaguse ni wafalme. Mstari uliowakinga wanyonge dhidi ya wenye nguvu leo unamkinga mwenye nguvu dhidi ya binti wa kwaya.

Na Daudi, ambaye ndiye hutajwa sana, alikataa kunyoosha mkono amuue Sauli. Hakukataa kusema. Alitoka pangoni, akapaza sauti, akaonyesha upindo wa vazi kama ushahidi mbele ya jeshi zima. Kupiga simu polisi si kunyoosha mkono juu ya mtu.

Na Mathayo 18? Je, si lazima kwanza umwendee wewe na yeye peke yenu?

Kumtuma mtoto, au mwanamke aliyebakwa, akakae faragha na aliyemfanyia ni ukatili hata ukiwa na sura na mstari. Maagizo yale ni ya ndugu waliokoseana, wenye kimo kimoja. Sura hiyohiyo, aya chache kabla, inazungumzia jiwe la kusagia shingoni mwa anayemkosesha mmoja wa wadogo, lakini sehemu hiyo haisomwi kwenye vikao hivi.

Hoja ndugu ya hii ni ile ya mashahidi wawili au watatu, 1 Timotheo 5:19. Unyanyasaji wa kingono hufanyika pasipo shahidi. Ndivyo anayeufanya anavyoupanga. Kumbukumbu la Torati 22 inalijua hilo: msichana aliyeshikwa kondeni anaaminiwa, kwa kuwa alipiga kelele na hapakuwa na wa kumwokoa. Na wanawake watatu wasiojuana wanaosimulia jambo linalofanana, hao si mashahidi watatu? Anayependa aya ya 19 aendelee tu hadi ya 20, inayosema wakosaji wakemewe mbele ya wote.

"Hili ni shambulio la Shetani dhidi ya huduma." Hoja hii inatoka wapi?

Inatoka kwenye imani ya kweli kwamba kazi ya Mungu ina adui. Tatizo ni kwamba ikishatamkwa, anayetuhumu amekuwa chombo cha adui, na chombo hakisikilizwi, kinakemewa.

Mei 2022 kampuni ya Guidepost Solutions ilitoa ripoti ya karibu kurasa 300 kuhusu Southern Baptist Convention, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti Marekani. Ndani yake imo barua pepe ya mwaka 2019 ya aliyekuwa mwanasheria wa muda mrefu wa Halmashauri Kuu, akiuita utetezi wa manusura mpango wa kishetani wa kuwaondoa kwenye uinjilisti. Miezi michache kabla ya barua pepe hiyo, magazeti ya Houston Chronicle na San Antonio Express-News yalikuwa yameonyesha kwamba kwa miaka 20 viongozi na wahudumu wapatao 380 wa makanisa hayo walikuwa wametuhumiwa, na waathiriwa walikuwa zaidi ya 700.

Toleo chungu zaidi la hoja hii limo kwenye uchunguzi wa Ravi Zacharias, mtetezi wa imani aliyejulikana duniani kote, aliyefariki Mei 2020. Ripoti ya Februari 2021 ina maelezo ya mwanamke aliyesema alinyanyaswa naye na kuonywa kwamba akifungua mdomo, atabeba lawama ya mamilioni ya roho zitakazopotea jina la Zacharias likichafuka. Yaani aliyeumizwa ndiye anayepewa mzigo wa jehanamu za watu wengine.

Uingereza maneno yalikuwa ya kistaarabu zaidi, matokeo yakawa yaleyale. John Smyth, wakili na kiongozi katika kambi za vijana za Waanglikana wa kiinjili, aliwapiga wavulana vipigo vya kikatili vilivyohesabiwa pia kuwa unyanyasaji wa kingono. Wakubwa wake waliandikiwa ripoti mwaka 1982. Mchungaji mmoja aliyejua alieleza baadaye kwamba alidhani kazi ya Mungu ingeharibika vibaya kama jambo lingetoka nje. Halikutoka. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe akaanzisha kambi nyingine, na huko akapata wavulana wengine, wengi kuliko wa kwao. Ripoti ya Makin ya Novemba 2024, iliyochunguza suala hilo, ndiyo iliyomfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, ajiuzulu. Anayesema kunyamaza kunailinda kazi ya Mungu aeleze wale wa Zimbabwe walikuwa kazi ya nani.

Makao makuu husema hayana mamlaka kwa sababu kila kanisa linajitegemea. Si kweli?

Kwa Wabaptisti ni kweli kimuundo. Ndiyo hoja ambayo Southern Baptist Convention iliitumia mwaka 2008 kukataa orodha ya pamoja ya wahubiri waliothibitika kunyanyasa, ili wasihame kanisa hadi kanisa. Lakini dhehebu hilohilo mwaka 1992 liliyatoa makanisa mawili ya North Carolina kwa msimamo wao kuhusu ushoga, na kujitegemea hakukuwa kikwazo. Tena ripoti ya Guidepost ilifichua kwamba mfanyakazi wa Halmashauri Kuu alikuwa akitunza orodha yake kimyakimya kwa miaka mingi. Ilipofika mwisho ilikuwa na majina 703. Kwa hiyo orodha iliwezekana. Kilichoshindikana ni kuwaonyesha wazazi.

Kwa nini lawama huishia kwa aliyeumizwa?

Kwa sababu mahali pa lawama hapabaki wazi. Mtenda akishaitwa mtumishi aliyejikwaa, lazima kiwepo alichojikwaa nacho, na mara nyingi ni mavazi ya binti, upweke wake, au "roho ya Yezebeli".

Machi 2019 shirika la habari la Wabaptisti wa Kusini (ndiyo hiyo Southern Baptist Convention) lilichapisha habari ya mwanamke aliyetaka kueleza kwamba alinyanyaswa na profesa wa seminari. Ilipotoka, maneno yalikuwa yamebadilishwa ikasomeka kama uhusiano usio wa kimaadili wa watu wawili. Wasomaji walimshukia yeye. Baadaye mwaka huohuo habari iliondolewa na shirika likaomba radhi, lakini jina lake lilikuwa limeshapita kwenye midomo ya watu.

Mahubiri yana sehemu yake. Bathsheba amehubiriwa kama mtegaji kwa vizazi vingi. Nathani hakumhubiri hivyo. Katika mfano aliompa Daudi kuna tajiri, kuna maskini na kuna mwana-kondoo mdogo, na mwana-kondoo hakushtakiwa kwa kuchinjwa. Tamari naye, baada ya kubakwa na Amnoni, aliambiwa na Absalomu anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Daudi aliposikia alikasirika sana, na hakuna mahali imeandikwa kwamba alifanya kitu. Ni nadra kulisikia fungu hilo likihubiriwa.

Hakuna tuhuma za uongo? Yusufu je?

Zipo. Yusufu alifungwa kwa uongo. Lakini angalia nani alikuwa na nguvu katika nyumba ile: mtumwa mgeni alituhumiwa na mke wa bwana wake. Anayemlinganisha mchungaji mwenye jukwaa, wanasheria na maelfu ya wafuasi na Yusufu amewapangia watu vyumba vibaya katika nyumba ya Potifa.

Uwezekano wa uongo ni sababu ya kuchunguza, si ya kupiga makofi. Machi 2018 Bill Hybels, mwanzilishi wa Willow Creek karibu na Chicago, alikana tuhuma za wanawake kadhaa na kusema ni uongo mtupu. Washirika walisimama kumshangilia. Aprili alistaafu mapema. Agosti viongozi wakuu na wazee wote wakajiuzulu. Februari 2019 jopo huru likasema tuhuma zinaaminika. Kama angekuwa hana hatia, uchunguzi ndio ungemsafisha.

Uchunguzi "huru" ni upi?

Uliza: nani analipa, nani anapokea ripoti kwanza, na je, itachapishwa yote? Kampuni ya mawakili iliyoajiriwa kulitetea kanisa haichunguzi kanisa, hata ikiitwa hivyo. Mwaka 2021 Halmashauri Kuu ya Southern Baptist Convention ilibishana kwa wiki kadhaa kuhusu kuondoa usiri kati yake na mawakili wake, na ilipokubali Oktoba, rais wake na wajumbe kadhaa waliondoka. Ugomvi ule wa kitaalamu ndio uliowezesha barua pepe tulizozitaja kusomwa.

Kwenda polisi si kumpeleka ndugu mahakamani, jambo alilolikataza Paulo?

Wakorintho wa Kwanza 6 inahusu ndugu wanaodhulumiana na kunyang'anyana mali. Kubaka ni jinai, na jinai ni kazi ya dola, ambayo Paulo huyohuyo katika Warumi 13 anasema haichukui upanga bure. Akiwa ni mtoto, usisubiri kikao cha wazee.

Yapo makanisa yaliyojibu vizuri?

Wapo waliojifunza wakiwa wamechelewa. Februari 2021 bodi ya huduma ya Zacharias ilichapisha ripoti yote na barua ya wazi, ikasema ilikosea kumwamini yeye dhidi ya mwanamke aliyemtuhumu mwaka 2017, ambaye wakati huo alishtakiwa mahakamani na kufungwa mdomo kwa mkataba wa siri. Barua hiyo ilikuwa na kitu ambacho taarifa nyingi hazina: ilieleza waandishi wenyewe walifanya nini, na walimfanyia nani.

Taarifa nzuri si ndefu. Inasema kosa kwa jina lake: ni unyanyasaji, na aliyetendewa alikuwa mtoto. Inasema wazee walijua lini. Inasema polisi wameshaarifiwa, mtuhumiwa amesimamishwa, na mwenye la kuongeza apige namba hii, isiyo ya ofisi ya kanisa. Haitaji majeraha ya mtumishi. Na haiombi makofi.

Taarifa kama ile ya juu imesomwa kanisani kwetu. Nifanye nini?

Waandikie wazee, kwa adabu na kwa maandishi: alikuwa na umri gani? Mlijua lini? Polisi waliarifiwa tarehe gani? Nani yuko na watoto Jumapili ijayo? Wakikuambia unawagawa watu wa Mungu, rudia swali la mwisho.

Usimtafute aliyeumizwa ili akusimulie, wala usimpelekee ujumbe wa kumhimiza asamehe. Ukiwa unamfahamu, mwambie tu kwamba unamwamini na utakuwepo akikuhitaji.

Na kama aliyeumizwa ni mimi?

Si lazima uonane na aliyekuumiza, hata wazee wakiita kikao cha upatanisho. Si lazima uwe umesamehe ndipo uripoti. Hifadhi jumbe, picha na barua. Andika unayoyakumbuka pamoja na tarehe, hata kama hayana mpangilio. Kama ni jambo la siku chache zilizopita, hospitali kwanza, kabla ya kufua au kutupa nguo. Usisaini karatasi yoyote ya kanisa kabla wakili wako mwenyewe hajaisoma, hasa inayokupa pesa na kukutaka unyamaze. Na chagua mtu wa kwenda naye polisi asiyekula mshahara wa kanisa hilo.